Real_escape_string pekee haikutoi mkuu, balaa lako liko kwenye WHERE

Msomaji mmoja ameuliza hivi, nafupisha kidogo: "Nina fomu ya PHP ya kuediti taarifa za wanachama, data ziko MySQL. Wanachama wa zamani namba zao ni tarakimu tupu, mfano 113, wapya zinaanza na herufi, mfano B-020. Juzi nimerekebisha jina la mwanachama mpya mmoja nikasevu, kuja kuangalia wapya wote wana jina lile na simu ile, ila wa zamani hawajaguswa hata mmoja. Alafu mtu akiwa na jina lenye ng' fomu inagoma kabisa. Kuna mtu kaniambia nipitishe kila kitu kwenye mysqli_real_escape_string nitakuwa salama, ni kweli?" Na kodi yake ni hii:

```php
$namba = (int) $_POST['namba'];
$jina  = $_POST['jina'];
$simu  = $_POST['simu'];
mysqli_query($db, "UPDATE wanachama SET jina='$jina', simu='$simu' WHERE namba=$namba");
```

Mkuu, jibu fupi ni hapana. Hiyo funksheni ingekusaidia kwenye majina yenye ng' basi, kwa lile balaa la juzi isingekusaidia hata kidogo. Ila kabla ya hapo tuanze na data zako maana hizo hazisubiri.

Usiendelee kuediti kitu kwenye hilo jedwali. Kama una bakapu, usiirudishe juu ya databesi inayotumika, kwa sababu faili la mysqldump (zana ya MySQL ya kutengeneza bakapu) kwa kawaida lina amri ya DROP TABLE juu kabisa, kwahiyo ukiliimport tu hapo hapo linafuta jedwali lote na kuleta la zamani, na kila kilichoingia baada ya siku ya bakapu kinapotea. Tengeneza databesi nyingine pembeni, tuseme chama_zamani, weka bakapu humo, alafu chukua majina na simu tu kwa wale walioharibika (id ni namba ya ndani ya kila rekodi, sio namba ya uanachama):

```sql
UPDATE chama.wanachama m
JOIN chama_zamani.wanachama z ON z.id = m.id
SET m.jina = z.jina, m.simu = z.simu
WHERE m.namba REGEXP '^[^0-9]';
```

Kama huna bakapu bado usikate tamaa. MySQL kuanzia toleo la 8.0 inaandika binlog (kumbukumbu ya kila badiliko la data) yenyewe bila kuambiwa, na kwa mpangilio wa kawaida kila rekodi iliyobadilishwa inahifadhiwa humo ilivyokuwa kabla na ilivyokuwa baada. Anayesimamia seva aendeshe mysqlbinlog akiweka --base64-output=DECODE-ROWS na -v, ataona UPDATE yako ya juzi imeandikwa rekodi moja moja, chini ya WHERE kuna thamani za zamani na chini ya SET kuna mpya, kolamu zikiitwa @1, @2, @3 kwa mpangilio wa jedwali. Ni kazi ya kuchosha lakini majina yanarudi. Muda wa kawaida wa kuweka hizo logi ni siku 30, kwenye hosti ya kushea wanaweza kuwa wameupunguza, kwahiyo waandikie leo sio wiki ijayo.

Sasa nini kilitokea. Watu wengi wakiona kitu kama hiki wanasema umehakiwa, ila hapa hakuna aliyekuhaki. Ukiipa PHP `(int) 'B-020'` inakurudishia 0, kimya kimya, hailalamiki. Kwahiyo kwiri (amri) iliyofika kwenye databesi ilikuwa inaishia na `WHERE namba=0`, na WHERE ndo sehemu inayosema rekodi zipi ziguswe. Kolamu yako ya namba ni maandishi, na MySQL ikiambiwa ilinganishe maandishi na namba inageuza vyote kuwa namba kwanza: 'B-020' inakuwa 0, 'B-021' inakuwa 0, kila kinachoanza na herufi kinakuwa 0, na 0 ni sawa na 0, basi wote wameingia kwenye WHERE. Wa zamani wamepona kwa sababu '113' inageuka 113 ambayo sio 0. Ndio maana fomu ilikuwa inafanya kazi vizuri tu kipindi chote kile cha namba za tarakimu, tatizo lilikuwepo ila lilikuwa linamsubiri mwanachama wa kwanza mwenye herufi aeditiwe.

Na hapo kuna kitu kingine nimekiona, seva yako strict mode (mpangilio unaofanya MySQL ikatae data mbovu badala ya kuigeuza kimya kimya) imezimwa. Ingekuwa imewashwa, hiyo UPDATE ingekataa na kosa namba 1292, ile inayosema "Truncated incorrect DOUBLE value", na usingepoteza kitu. MySQL inakuja nayo imewashwa tangu 5.7, kwahiyo ama toleo lako ni la kale ama kuna mtu aliizima ili skripti fulani ya zamani iache kulalamika, na hii ya pili naiona mara nyingi mno. Angalia kwa `SELECT @@sql_mode;` na kama huoni STRICT_TRANS_TABLES humo iwashe, hata kama kuna kurasa zitaanza kutoa makosa, hayo makosa yalikuwepo ulikuwa huyaoni tu.

Turudi kwa real_escape_string. Kazi yake ni moja, inaweka mkwaju wa nyuma mbele ya alama za hatari kama ritifaa ili MySQL isidhani maandishi yameishia hapo. Kwenye kodi yako jina linakaa katikati ya ritifaa mbili, sasa mtu akiandika Ng'… ile ritifaa ya tatu inafunga maandishi mapema na kilichobaki nyuma kinasomwa kama amri, MySQL haielewi, inagoma. Huyo ni mtu mwema mwenye jina lake halali. Mwenye nia mbaya hapo hapo kwenye jina anaandika `x' WHERE 1=1 -- ` (na nafasi moja mwishoni) na jedwali zima linabadilika, au anaandika `x', cheo='admin` kama una kolamu ya cheo, na amejipandisha mwenyewe. Huu mchezo unajulikana hadharani tangu 1998, na kwenye orodha za OWASP (shirika la usalama wa tovuti) za 2010, 2013 na 2017 injekshini, yaani huku kupenyeza amri ndani ya data, ndo ilikuwa namba moja.

Ila escape inafanya kazi ndani ya ritifaa tu. Ungeandika `WHERE id=$id` bila ritifaa, mtu akituma `5 OR 1=1` hakuna alama yoyote ya kuwekewa mkwaju hapo, inapita kama ilivyo. Tena inategemea charset (mfumo wa herufi) iliyowekwa kwa mysqli_set_charset, na inategemea wewe kukumbuka kila sehemu kila siku, na hakuna anayekumbuka kila siku.

Kwahiyo achana nayo, tumia kwiri iliyoandaliwa (prepared statement). Utaratibu wake ni kwamba amri inaenda kwenye seva peke yake ikiwa na alama za kuuliza mahali pa data, seva inaisoma na kuielewa kabisa ikiwa bado haina data yoyote, alafu data zinafuata kwa njia yake. Zikifika, amri imeshaeleweka, hakuna tena kusomwa upya, ritifaa inakuwa herufi kama herufi nyingine na `1=1` inakuwa maandishi ya kijinga tu ndani ya kolamu ya jina. Kwa kuwa tayari unatumia mysqli baki nayo, sio lazima uhamie PDO, ile njia nyingine ya PHP ya kuongea na databesi (ukihamia, zima PDO::ATTR_EMULATE_PREPARES, maana kwa MySQL inakuja imewashwa na hapo PDO inaunganisha data na amri yenyewe kabla ya kutuma). Kitu pekee ambacho sitaki kukiona ni zile mysql_query za bila i, zilishaondolewa kwenye PHP 7.0 mwaka 2015 ila mafunzo yake bado yanakopiwa mpaka kesho.

```php
mysqli_report(MYSQLI_REPORT_ERROR | MYSQLI_REPORT_STRICT);
$db->set_charset('utf8mb4');

$id = filter_input(INPUT_POST, 'id', FILTER_VALIDATE_INT);
if (!$id) {
    http_response_code(400);
    exit('Rekodi haijulikani');
}

$kauli = $db->prepare('UPDATE wanachama SET jina = ?, simu = ? WHERE id = ?');
$kauli->bind_param('ssi', $jina, $simu, $id);
$kauli->execute();
```

Ile 'ssi' inamaanisha maandishi, maandishi, namba kamili, kwa mpangilio wa alama za kuuliza. Ukiwa na PHP 8.2 kwenda mbele kuna execute_query inafanya yote kwa mstari mmoja, ni tamu. Mstari wa kwanza wa mysqli_report ni lazima kama PHP yako iko chini ya 8.1, bila huo mysqli ikikosea inakurudishia false tu na ukurasa wako unaandika "Imehifadhiwa kikamilifu" wakati hakuna kilichohifadhiwa.

Simu iache maandishi, usiifanye namba, sifuri ya mwanzo itapotea.

Na umeona nimetumia id badala ya namba ya uanachama, na nimetumia filter_input badala ya (int). (int) haikagui, inalazimisha: ukiipa upuuzi inakutafutia namba yoyote na mara nyingi ni 0. FILTER_VALIDATE_INT ikipewa 'B-020' inarudisha false na wewe unasimamisha kazi. Namba ya uanachama inaweza kubadilika muundo, kama ilivyobadilika kwako, id haina sababu ya kubadilika. Hata hivyo kama ni lazima utafute kwa namba, ifunge kama maandishi, 's', basi maandishi yatalinganishwa na maandishi na 0 haitazaliwa popote.

Sasa hapa ndo naomba usome taratibu, kwa sababu watu wengi wakishaweka zile alama za kuuliza wanaona wamemaliza. Kwiri iliyoandaliwa inahakikisha data haigeuki kuwa amri. Haihakikishi kwamba amri yenyewe ni sahihi. `UPDATE wanachama SET jina = ? WHERE namba = ?` ukaifunga kwa 'si' na ile (int) yako, ingekuharibia wanachama wote vile vile kwa usalama kabisa bila injekshini yoyote. Kwenye INSERT ukikosea unaongeza takataka moja utaifuta, kwenye UPDATE ukikosea WHERE umepoteza vilivyokuwepo, kwahiyo mimi nikikagua kodi ya mtu macho yanaanzia WHERE, SET nasoma baadaye.

Kinga ya kwanza ni kuijua idadi unayotarajia na kuilazimisha. Unaediti mtu mmoja, basi zaidi ya mmoja ni kosa:

```php
$db->begin_transaction();
try {
    $kauli->execute();
    if ($kauli->affected_rows > 1) {
        throw new RuntimeException('UPDATE imegusa rekodi nyingi');
    }
    $db->commit();
} catch (Throwable $e) {
    $db->rollback();
    error_log($e->getMessage());
    exit('Imeshindikana kuhifadhi, jaribu tena.');
}
```

Hiyo if peke yake ingekuokoa juzi. Inahitaji injini ya jedwali (namna MySQL inavyolihifadhi) iwe InnoDB, ambayo ndo ya kawaida tangu MySQL 5.5, ila kama jedwali lako lilitengenezwa zamani linaweza kuwa MyISAM na MyISAM haijui rollback (kurudisha data zilivyokuwa), utaiita itakubali na data hazitarudi. Cheki kwa `SHOW TABLE STATUS`. Wengine watakwambia weka tu LIMIT 1 mwishoni mwa UPDATE, mimi siipendi kwa kazi hii, maana WHERE ikiwa mbovu bado itaharibu rekodi moja, tena inaweza isiwe ile uliyoitaka, na hutajua kama kuna kosa mpaka mwenyewe aje kulalamika. Na ujumbe wa kosa la databesi usimwonyeshe mtumiaji, ndo maana hapo juu unaenda kwenye error_log, kwa sababu majina ya majedwali na kolamu zako ni zawadi kwa anayetafuta mlango.

Swali la pili kwenye WHERE ni: huyu anayeediti ana ruhusa ya kuediti hii rekodi? Id iko kwenye fomu kama uwanja uliofichwa, ila kufichwa maana yake haionekani kwenye ukurasa tu, mtu anafungua zana za brauza anabadilisha 7 kuwa 8 anabofya sevu. Kama mwanachama anaediti taarifa zake mwenyewe, basi id isitoke kwenye fomu kabisa, itoke kwenye sesheni yake (kumbukumbu ya seva ya nani ameingia). Kama ni kiongozi wa tawi anaediti watu wa tawi lake, weka sharti hilo hilo ndani ya kwiri, `WHERE id = ? AND tawi_id = ?`, na tawi_id itoke kwenye sesheni. Unaweza kukagua kwa if kabla ya UPDATE pia, sikatai, lakini sharti likiwa ndani ya WHERE hakuna namna ya kulisahau ukurasa mwingine ukikopi kodi hiyo.

Kwenye SET nako kuna mtego mmoja mzuri sana kwa wavivu, ule wa kuzungusha $_POST nzima na kujenga `SET kolamu = ?` kwa kila kilichotumwa. Alama ya kuuliza inashika thamani tu, haiwezi kushika jina la kolamu, kwahiyo majina ya kolamu unakuwa umeyachukua kwa mtumiaji na kuyabandika kwenye amri, na mtu anaongeza uwanja unaoitwa cheo wenye thamani admin. Andika orodha yako mwenyewe ya kolamu zinazoruhusiwa, `['jina', 'simu', 'anwani']`, zungusha hiyo na sio $_POST. Na ukiwa hapo kwenye SET kumbuka kolamu zinatenganishwa kwa koma, sio AND. Ukiandika `SET jina = ? AND simu = ?` MySQL inaweza isigome kabisa, inaielewa kama jina lipewe jibu la swali zima linaloanza baada ya alama ya sawa ya kwanza, na unajikuta mwanachama anaitwa 0. Ukiona majina yamekuwa 0 kwenye jedwali, usihangaike kutafuta hakaa, tafuta AND.

Haya, kuna jambo ambalo hukuuliza lakini kwa fomu kama yako litakuja: watu wawili kuediti rekodi moja kwa wakati mmoja. Wa kwanza anafungua fomu, wa pili anafungua ile ile, wa kwanza anabadilisha simu anasevu, wa pili anarekebisha jina tu anasevu, na fomu yake inatuma ile simu ya zamani aliyoikuta, basi simu mpya imefutika na hakuna kosa lolote lililotokea popote. Ongeza kolamu ya toleo, INT inayoanzia 1, iweke kwenye fomu pamoja na id, alafu:

```sql
UPDATE wanachama SET jina = ?, simu = ?, toleo = toleo + 1
WHERE id = ? AND toleo = ?
```

Affected_rows ikiwa 1 umefanikiwa, ikiwa 0 mtu kakutangulia (au rekodi imefutwa, au sio ya tawi lake), mwambie aifungue upya aone kilichobadilika. Hii inatibu na usumbufu mwingine: kwa kawaida MySQL inahesabu rekodi zilizobadilika kweli, sio zilizopatikana, kwahiyo mtu akibofya sevu bila kubadilisha kitu unapata 0 na unadhani imeshindikana. Ukiwa na toleo, kila sevu inabadilisha kitu, 0 inabaki na maana inayoeleweka.

Kwa vitu vya kuhesabu kama salio au michango usisome kwanza kwa SELECT, ukajumlisha kwenye PHP, ukarudisha. Maombi mawili yakija pamoja yote yanasoma 5000 na moja linapotea. Mwachie databesi ahesabu, `SET salio = salio - ? WHERE id = ? AND salio >= ?`, na affected_rows ikiwa 0 salio halitoshi.

CSRF (tovuti nyingine kutuma fomu kwa jina la mtu aliyeingia kwako) nitaipitia haraka maana ina mengi yake. Kuediti kuwe kwa POST tu, sio linki ya `edit.php?id=7&hali=zima`, roboti za kutambaa na brauza zinazofungua linki mapema zitakuzimia watu. Kwenye fomu weka tokeni (maandishi ya siri ya nasibu) ya `bin2hex(random_bytes(32))` uliyoiweka kwenye sesheni, ikirudi ilinganishe kwa hash_equals, isipolingana kataa. Bila hivyo tovuti nyingine yoyote inaweza kumtumisha kiongozi wako fomu akiwa ameingia, na kwa seva itaonekana ni yeye. Ukimaliza kusevu mpeleke ukurasa mwingine kwa header Location na exit chini yake, ili akirifresh isitumwe tena.

Na htmlspecialchars nimeona umeiweka kwenye data kabla ya kusevu, kwenye ile sehemu nyingine ya kodi ambayo sijaiweka hapa. Itoe hapo. Ni ya wakati wa kuonyesha kwenye ukurasa, ukiiweka wakati wa kusevu jina lenye ng' litaingia kwenye databesi likiwa na `'` katikati, na ukilituma kwa SMS au ukilichapa kwenye kadi litatoka hivyo hivyo.

Mtumiaji wa databesi anayetumiwa na tovuti asiwe root. Mpe SELECT, INSERT na UPDATE kwenye databesi hiyo moja, DELETE kama kweli unafuta, DROP na ALTER hana kazi nazo. Ukiwa unafanya marekebisho kwa mkono kwenye terminali anzisha mysql na --safe-updates, itakataa UPDATE isiyo na WHERE yenye ufunguo wala LIMIT. Hiyo opsheni ina jina lake jingine rasmi kabisa, --i-am-a-dummy, waliotengeneza walikuwa na utani, ila mabingwa ndo wanaoitumia. Na kabla ya kuendesha UPDATE yoyote ya mkono, andika kwanza SELECT COUNT(*) yenye WHERE ile ile uone inakwambia ngapi.

Ukishabadilisha kodi jaribu kwenye nakala, sio kwenye data za kweli: sevu jina lenye ng', tuma id yenye `7 OR 1=1`, badilisha id kwenye zana za brauza iwe ya mtu wa tawi lingine, alafu fungua rekodi moja kwenye tabo mbili usevu zote. La kwanza linatakiwa likubali na tabo ya kwanza ikubali, vingine vyote vigome. Kuna kitakachopita ambacho hakikutakiwa kupita, niletee hiyo WHERE yako tuiangalie.